Tulivyomlilia Aliye Hai

Mtoto huyu hakuwa akila mpaka ashike vichwa vya watu.

Nilimjua kwa tabia hiyo kabla sijamjua kwa lingine lolote. Aliletwa darasani kwetu Kawangware akiwa na miaka mitano. Darasa lenyewe ni chumba cha nyuma cha kanisa upande wa Kabiro, ambacho wenye kanisa hutuachia siku za juma, na humo tuna watoto kumi na mmoja ambao shule nyingine zilisema haziwawezi. Saa ya uji ilipofika, msichana huyu aliinuka, akazunguka meza, akaweka kiganja juu ya kichwa cha kila mtu, mmoja baada ya mwingine, nikiwemo mimi. Mwisho akaweka kiganja juu ya kichwa chake mwenyewe. Ndipo akaketi, akanywa. Mtu akiingia katikati ya mzunguko, alianza upya. Nyumbani kwao Kibera alifanya vivyo hivyo: baba, mama, dada, kisha yeye. Vichwa vinne, halafu chakula.

Nieleze kidogo kuhusu usonji, kwa sababu wengi wakilisikia neno hilo hudhani ni uziwi, au ukaidi, au laana. Mtoto mwenye usonji husikia. Huyu alisikia kuliko sisi sote. Shida ni kwamba dunia humjia yote kwa pamoja, bila mpango, naye huipanga kwa njia yake ili aweze kukaa ndani yake. Kushika vichwa kulikuwa ni kuipanga dunia. Ukimzuia humfundishi adabu, unamwondolea sakafu.

Na alikuwa na jambo moja zaidi. Hakuwa na maneno yake mwenyewe, lakini aliyahifadhi ya wengine. Neno ulilolisema asubuhi angeweza kulitoa jioni, au baada ya wiki, kwa sauti ile ile. Sisemi aliiga jinsi wachekeshaji wanavyoiga. Ilikuwa sauti yenyewe, na kikohozi chake, na mkwaruzo wake. Siku moja nilikuwa nimeinama namfunga mtoto viatu, nikasikia mtu nyuma yangu akisema, "Haya, mikono juu ya meza." Niligeuka, nikamkuta yeye. Aliyesema nilikuwa mimi. Jambo hilo lina maelezo, na nimewaeleza wazazi wengi. Bado sijazoea kujisikia nikisema hali nimefunga mdomo.

Alipofika miaka minane alianza kukataa kupanda ngazi tatu za mlango wa darasa. Halafu zikatokea alama nyeusi miguuni ambazo hakuna aliyezielewa. Mtoto asiyesema "naumwa" huchelewa kuonekana mgonjwa, na sisi tuliokaa naye kila siku tulichelewa pia. Hospitali waliposema ni saratani ya damu, mama yake alinipigia simu akaniambia maneno hayo matatu tu. Nyuma ya sauti yake nilisikia mlio wa vizibo vya soda ambavyo mtoto alikuwa akivipanga sakafuni, kimoja kimoja.

Tangu hapo nikawa naenda kwao kila Jumanne baada ya darasa, na kila Jumamosi asubuhi. Ninashuka mpaka Ngong Road, ninakatiza Soko la Toi, mahali mama alikuwa na kibanda chake cha mitumba ya watoto, kisha ninaingia upande wa Olympic hadi kwenye ploti yao: vyumba kumi vya mabati vinavyotazamana, ujia katikati, bomba moja la maji mwishoni. Baba ni fundi. Hutengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Dada alikuwa na miaka kumi na minne, na mdomo wake ulikuwa na miaka ishirini.

Kazi yangu ilikuwa kuchora. Nilikata makaratasi magumu nikachora kila hatua ya siku ya hospitali: viatu, lango, kiti cha kungojea, sindano, bandeji, chai, nyumbani. Tulizipanga ukutani kwa mfuatano, tukazisoma kila siku, na baada ya wiki tatu mtoto ambaye ilikuwa lazima ashikwe na watu wanne alianza kunyoosha mkono mwenyewe. Mzazi unayesoma haya na una mtoto kama huyu, nakuambia usikate tamaa. Hawakatai sindano. Wanakataa kushtukizwa.

Daktari naye alitupa mpango wake. Dawa ya saratani ya damu huua chembe mbaya pamoja na nzuri, zikiwemo zile zinazolinda mwili. Baada ya kila dozi mtoto hubaki siku kadhaa bila ulinzi, na mafua ya jirani yanaweza kumlaza. Kwa hiyo mlango ufungwe, wageni wakae nje, mikono ioshwe, na joto likipanda aletwe mara moja. Tulifuata. Mtoto aliyekuwa akionekana kila siku karibu na bomba akipanga vizibo hakuonekana tena. Majirani walijua anaumwa. Hatukuwaeleza kwa nini amefichwa. Mimi ndiye niliyepaswa kueleza, na sikufikiria.

Kisha nywele zikaanza kutoka.

Zilitoka kwa mafungu, kwenye mto, kwenye bakuli, na ndani ya siku chache kichwa kilikuwa laini kama kibuyu. Mchana huo alizunguka kama kawaida: baba, mama, dada. Akaweka kiganja juu ya kichwa chake. Akakiondoa. Akaanza upya. Alizunguka mara sita, kila mara akifika kwake anaondoa mkono kana kwamba ameshika mtu asiyemjua. Kisha akaiacha sahani, akaenda kukaa kitandani akitazama ukuta. Siku iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo. Na iliyofuata.

Alikuwa akinywa vijiko viwili vya uji kwa siku. Dozi nyingine ilikuwa Alhamisi ya wiki inayofuata, na daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba watampima uzito kwanza. Akizidi kupungua, dawa itasimamishwa, na saratani haisimami kungoja. Nilinunua kofia nne Toi, za uzi, za kitambaa, moja yenye masikio ya sungura. Zote zilitupwa. Hakuweza kuvumilia kitu kichwani.

Ndipo nikapata wazo, nami nikalieleza familia nikiwa na furaha tele. Hatuwezi kumrudishia nywele, nilisema. Lakini tunaweza kufanya vichwa vifanane. Nyote mkinyoa, mkono wake utakuta kitu kimoja mara nne, na dunia itakaa sawa.

"Sisi wote?" dada aliuliza, akishika misuko yake. "Ticha, tutakaa kama mayai kwa trei."

"Zitamea," nikamwambia.

"Zako je?"

"Nami nitanyoa."

Mama alimtazama baba. "Mwalimu," akasema polepole, "kwetu, nywele za nyumba nzima..."

Hakumaliza. Baba alikuwa ameinamisha kichwa akimtazama mtoto kitandani. "Nywele ni nywele," akasema. "Huyu ale."

Nimeirudia dakika hiyo mara nyingi. Sentensi ya mama ilikuwa imekatika mbele yangu, na kazi yangu ilikuwa kuuliza inaishia wapi. Lakini nilikuwa na maelezo mazuri mdomoni, na mtu mwenye maelezo mazuri huona kimya kama ruhusa.

Tulinyoa Jumamosi asubuhi kwa kinyozi aliye kwenye lango la ploti. Ni mtu mchangamfu, redio yake husikika mpaka barabarani. Baba alipokaa kitini na kusema, "Yote," kinyozi alicheka. Dada alipokaa baada yake na kusema, "Yote," hakucheka. Mama alipofungua kitambaa chake na kukaa, kinyozi alizima redio bila kuambiwa.

"Poleni sana," akasema.

"Asante," mama akajibu.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Baba alipotoa mfuko wake, kinyozi alirudi nyuma hatua moja. "Hapana, baba. Hii hailipwi." Nikawaza: mtu mwema kweli.

Mchana huo mtoto alizunguka. Baba. Mama. Dada. Mimi. Akaweka kiganja juu ya kichwa chake, akakiacha hapo muda mrefu. Halafu akacheka, kicheko cha kooni ambacho sikuwa nimekisikia tangu Kawangware, akaketi na kumaliza sahani ya wali na maharagwe. Mama alitoka nje kwenda kulia. Mimi nilirudi nyumbani kwa miguu, upepo ukinipiga kichwa kitupu, nikijiona nimefaulu mtihani.

Jumanne nilipoingia kwenye ploti saa tisa alasiri, jambo la kwanza nililosikia ni kwamba sikusikia kitu. Ploti ya vyumba kumi haiwi kimya saa tisa. Pana watoto, pana redio, pana mtu anayegombania bomba. Siku hiyo watu walikuwepo, wameketi milangoni, lakini walikuwa wakisema kwa pumzi tu. Kamba za nguo zilikuwa zimeondolewa kwenye ujia. Watoto walikuwa wameketi kwa mstari ukutani kama waliokatazwa. Nilipopita, mama mmoja alisimama kunipisha, akatazama kichwa changu, akatazama chini.

Ndani, kando ya mlango, palikuwa na pakiti za unga, majani ya chai, sukari, na mzigo wa kuni.

"Ticha, watu wamechange," dada aliniambia. "Tangu juzi. Nikienda kwa maji wananipisha mbele. Hata yule mama wa samaki ananiita 'mwanangu'. Huyo mwenye aliniitanga kichwa ngumu!"

"Watu wana upendo," nikamweleza. "Wamesikia mdogo wako anaumwa. Shida ikizidi, upendo nao..."

"Na kuni ni za nini? Si wanajua tunapika kwa gesi?"

Nilimtazama mama. Alikuwa akikunja nguo ile ile, anaikunjua, anaikunja. Baadaye aliniambia alikuwa ameshaelewa tangu Jumatatu. Lakini hakuna aliyekuwa ametamka kifo mbele yake, na kukanusha kifo ambacho hakijatamkwa ilikuwa kama kukitamka yeye mwenyewe, kwa mdomo wa mama mzazi. Kwa hiyo alipokea unga, akasema asante.

Mtoto alikuwa kitandani akipanga vizibo, mgongo wake kwetu.

Ndipo tukasikia kilio.

Kilianza mbali, barabarani, sauti ya mwanamke mzee, ndefu, inayopanda na kuvunjika na kuanza tena chini. Kilikuwa kinatembea. Kilifika langoni. Kiliingia kwenye ujia, na wanawake wa ploti, kana kwamba walikuwa wakikingojea tu, waliinuka mlango kwa mlango wakakipokea, hadi mabati yakawa yanatetemeka. Mama alisimama, nguo mkononi. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, na kwenye mwanga alisimama mama mzazi wa baba, leso imefungwa kiunoni, mikono juu ya kichwa, mdomo wazi, analia.

Mtoto akageuka.

Bibi alimwona. Kilio chake kilikatika katikati, kama kamba. Nje nako kilikatika, mlango kwa mlango, mpaka mwisho wa ujia. Wakatazamana, yule mzee na yule mtoto mwenye kipara.

Kisha mtoto alifungua mdomo akakitoa. Kilio chenyewe. Sauti ya mwanamke wa miaka sabini, inapanda, inavunjika, inaanza tena chini, na mle ndani mlikuwa na jina la utani ambalo bibi alimpa alipozaliwa, na mkwaruzo wa safari ya kutwa nzima. Uso wa mtoto ulikuwa mtulivu kabisa. Aliyekuwa analiliwa alikuwa anajililia, kwa sauti ya anayemlilia. Bibi aliteremka pale mlangoni polepole, akishika fremu, mpaka akakaa chini.

Ilituchukua saa nzima na chai mbili kufika mahali pa kuongea. Bibi alikaa kwenye kiti karibu na mlango, mbali na kitanda, kwa sababu nilimsihi. Alitutazama vichwa mmoja mmoja.

"Nani aliwaambia mnyoe?"

Niliinua mkono, kama mwanafunzi. "Ni mimi, Mama."

"Wewe ni wa wapi?"

"Machakos."

"Eeh. Na huko Machakos, nyumba nzima ikinyoa siku moja, jirani anasema nini?"

Nilifikiri. "Atasema labda wana chawa."

Dada alipasuka kicheko, akajiziba mdomo. Nikaona bega la bibi likitikisika mara moja, kisha likatulia.

Alinieleza bila kunikemea. Kwao Magharibi, nyumba hunyoa mtu akishazikwa. Ndiyo alama ya kumaliza: baba, mama, watoto, wote, siku moja. Anayeona vichwa hivyo haulizi. Kinyozi anatoka upande wao. Alipiga simu nyumbani kwake kusema ameinyoa nyumba fulani na mtoto wao mdogo haonekani, na nyumbani kwake ni ng'ambo ya mto tu kutoka kwa bibi. Wala bibi hakupiga simu kuuliza. Mwenye msiba hapigiwi simu kuulizwa kama ana msiba. Unapanda basi.

"Nyinyi mmeanza na mwisho," alisema. "Na huko nyumbani wameshapasafisha mahali. Kuna kijana mmoja wa ndugu yangu, mwenye bidii ya kijinga, ameshapiga jembe la kwanza."

Baba alifunika uso.

"Ardhi ikifunguliwa kwa jina la mtu, haifungwi hivi hivi," bibi akaendelea. "Na mtu aliyeliliwa akiwa hai ameshatolewa katika idadi. Lazima arudishwe. Kesho nakwenda naye."

Kesho ilikuwa Jumatano. Alhamisi ilikuwa dawa. Nilimweleza kuhusu damu kadiri nilivyoweza: chembe mbaya, chembe nzuri, ulinzi uliokwisha, basi lenye watu sitini wanaokohoa, saa nane za njia. Alisikiliza yote. Sijawahi kusikilizwa vizuri namna ile. Nilipomaliza alisema, "Umeeleza vizuri, mwalimu. Nimekuelewa. Sasa mimi nifanye nini na kilio changu?"

Na hapo, nikiwa nimechelewa siku tatu, nikauliza swali langu la kwanza katika nyumba ile. "Mama, kwenu aliyeliliwa akiwa hai hurudishwa vipi?"

"Wale waliomlilia wanasimama mbele yake, mmoja mmoja. Wanamsalimia kwa mkono. Wanasema wamemwona."

"Huko nyumbani wamelia?"

"Bado," akasema. "Wananingoja mimi nithibitishe."

"Basi waliolia ni nani?"

Alitazama mlangoni, kwenye ujia, mahali wanawake walikuwa wamesimama bado, mikono midomoni.

"Ni hawa," akasema. "Na mimi."

Tukabishana juu ya mkono. Nilisema hawezi kuguswa, kwa ajili ya damu na kwa ajili ya namna alivyo. Bibi alikubali waseme tu, wakiwa nje ya dirisha, pua zimefunikwa. Lakini aliweka sharti lake, na hakulegeza. "Ajibu. Aliye hai akisalimiwa, anajibu. Asipojibu, basi tumesalimia ukuta, na nitakwenda naye nyumbani, hospitali au hakuna hospitali."

"Mama," baba alisema, "huyu mtoto hajawahi kujibu salamu ya mtu tangu azaliwe."

"Leo amenijibu kilio," bibi akasema.

Jumatano niliomba ruhusa nikafika mapema. Nilichora dirisha, uso, mdomo; nikampitisha hatua kwa hatua. Tulichagua maneno mafupi, yale yale kwa kila mtu, ili asishtuke: Nakuona. Uko mzima. Saa kumi alasiri tulimkalisha juu ya sanduku la bati, hatua mbili kutoka dirishani. Joto lake lilikuwa sawa. Alikuwa amekula. Kwenye ujia watu walipanga mstari, leso puani, jua likiwapiga usoni, na hakuna aliyesukuma mwenzake.

Wa kwanza alikuwa kinyozi. "Nakuona," akasema. "Uko mzima."

Mtoto alitazama kizibo mkononi mwake.

Kinyozi alingoja. Nilimwashiria apite. Akaja mama wa samaki. Nakuona, uko mzima. Kimya. Akaja mzee wa chumba cha saba. Akaja shemasi wa kanisa lao. Kila mmoja alisema, akangoja, akapita na kwenda kusimama mwisho wa ujia. Bibi alikuwa kando yangu, wima. Mama alikuwa amenishika mkono hata vidole vikafa ganzi. Watu tisa walipita hivyo, na mtoto hakuinua uso.

Bibi alivuta pumzi. Alikuwa karibu kusema neno.

Ndipo sauti ya kinyozi ikatoka dirishani: "Nakuona. Uko mzima." Kinyozi mwenyewe alikuwa mwisho wa ujia, mdomo umefungwa. Aliruka kama aliyemwagiwa maji. Ikafuata sauti ya mama wa samaki. Ikafuata ya mzee wa chumba cha saba, na pumu yake. Moja baada ya nyingine, kwa mpangilio ule ule, bila haraka, na kila sauti ilipotoka mwenye sauti aliinua kichwa kama aliyeitwa.

"Hiyo ni mimi," mtu alinong'ona. "Ni mimi huyo."

"Yesu wangu," akasema shemasi, na sekunde mbili baadaye, kutoka dirishani, shemasi akasema, "Nakuona."

Nilihesabu watu tisa. Nilihesabu sauti kumi. Ya kumi ilikuwa ya mwanamume, nzito, ya taratibu, na hakuna aliyeinua kichwa. Inawezekana nilikosea hesabu. Inawezekana mtu wa ploti ya jirani alisema maneno yale nyuma ya mabati, mtoto akayaokota. Niliulizia huko. Hakuna aliyekubali kusema kitu.

Kisha ikawa zamu ya bibi. Alisogea dirishani, akafungua leso puani kidogo, nikamwashiria airudishe, akairudisha. Alisema yale maneno, na mwisho akaongeza lile jina la utani.

Mtoto aliinua uso. Alimtazama bibi yake machoni, jambo ambalo hamfanyii mtu. Na hakusema kitu.

Tulingoja. Bibi alisema tena. Tukangoja. Watu walianza kurudi vyumbani. Redio ya kwanza ikawashwa kwa sauti ndogo.

"Kukhu, huyu huchelewa," dada alisema, akimwita bibi kwa neno la kwao. "Mpe time."

Bibi aligeuza mtungi wa maji, akaukalia chini ya dirisha. Jua liliondoka kwenye mabati. Baba alikuja akachuchumaa mbele yake.

"Mama. Amejibu watu wote."

"Hajanijibu mimi. Na ni mimi nilianza kulia."

"Sasa tutafanyaje?"

Bibi aliinua macho kwenye dirisha. Nilijua anachopima, kwa sababu nami nilikuwa nakipima. Sharti lilikuwa lake. "Siwezi kupanda basi na mtu ambaye hajanijibu," alisema mwishowe. "Nitajuaje nimembeba nani? Na siwezi kumwacha." Akaomba simu. Aliongea kwa lugha yao, kwa ukali, na dada alinitafsiria sikioni: wazike mgomba badala ya mtoto kwenye lile shimo, wafukie vizuri, na yule kijana mwenye jembe ndiye abebe mgomba peke yake. Hapana, yeye harudi. Bado ana mazungumzo na mtu.

Alhamisi tulikwenda hospitali sote, vichwa vitupu, bibi nyuma na leso yake. Mtoto alipanda mzani. Muuguzi alitazama, akatazama kitabu, akasema, "Sawa. Ameongeza kidogo." Dripu ya dawa ikatundikwa saa tano asubuhi.

Hiyo ni miezi saba iliyopita. Matibabu ya saratani hii ni marefu, na bado tuko njiani. Kumekuwa na wiki nzuri na wiki ambazo sitaki kuziandika. Nywele zetu zimemea, tukanyoa tena zilipohitaji kunyolewa, na safari hii mama alizunguka kwanza mlango kwa mlango kueleza. Bibi amelala kwenye godoro karibu na mlango muda wote huo. Ndiye anayepima joto sasa. Ndiye anayewafukuza wageni wenye mafua. Kila asubuhi hutoka nje, husimama dirishani, husema maneno yake matatu na lile jina. Mtoto humtazama machoni. Hajajibu hata siku moja, yeye ambaye hutapakaza sauti zetu sisi wengine kutwa nzima chumbani humo.

Mwezi uliopita nilimwonea huruma. Nilikuja na kadi mpya nilizochora: bibi dirishani, mdomo wa bibi, mdomo wa mtoto. Nilimwambia naweza kumfundisha kumjibu. Itachukua wiki tatu, labda nne, lakini atajibu.

Bibi alizichukua zile kadi, akazitazama moja moja, akazifunga ndani ya leso yake.

"Usimfundishe hiyo, mwalimu," akasema. "Akinijibu, itabidi niende."